Mfugaji wa sungura, andika kwenye lebo unachoweza kuthibitisha

Kiambu, Nyeri, Nakuru: kote huko neno "asilia" linabandikwa kwenye nyama ya sungura, kwenye samadi, hata kwenye chupa ya mkojo unaouzwa kama mbolea ya maji au dawa ya wadudu. Mfugaji mdogo kweli ana bidhaa inayowafaa wateja wanaojali mazingira. Anachoharibu ni kudai makubwa kuliko yanayofanyika bandani mwake.

Chukua nyama. Peleti (chakula cha punje) nyingine za dukani huwa zimechanganywa dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo, kwa hiyo soma mfuko kabla hujamwambia mteja kwamba sungura wako hajaonja dawa. Ukimtibu kwa dawa ya salfa, au ukamdunga ivermektini kwa ajili ya upele wa masikio, zipo siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Andika tarehe, namba ya kizimba na siku ambayo muda huo unakwisha. Majani yaliyokatwa pembeni mwa shamba lililopuliziwa nayo yanavunja ahadi, hata kama yamegharimu jasho tu. Lebo isemayo "amelishwa majani na peleti, muda wa dawa umekwisha" haivutii sana macho, lakini inasimama mteja akiuliza.

Mkojo ndio wenye mambo. Sakafu ya kizimba iwe ya waya wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, na chini yake trei ya plastiki iliyoinama kuelekea kwenye mfereji, chujio, kisha mtungi. Mabati huliwa na mkojo haraka, na kutu huishia mtungini. Kinyesi kikilala kwenye mkojo, amonia hupanda na sungura huanza kupiga chafya na kutoa makamasi. Kwa hiyo trei safi ni afya ya mnyama pia. Angalia na chuchu za maji, yaani vinywesheo vya sungura: ikivuja moja usiku kucha, mteja ananunua maji yenye harufu.

Funika mtungi, uweke kivulini wiki mbili au zaidi. Ukiachwa wazi, naitrojeni inapotea hewani. Kipimo cha kuanzia ni lita 1 kwa lita 10 za maji, kijaribiwe kwanza kwenye mistari michache, asubuhi au jioni. Ukizidi makali, kingo za majani huungua, na lawama inakurudia wewe uliyeuza bila maelezo. Mboga zinazoliwa mbichi zisipuliziwe zikikaribia kuvunwa.

Halafu kuna sheria, ambayo wengi wanairuka. Ukiandika "dawa ya wadudu", bidhaa yako inapaswa kusajiliwa na bodi inayodhibiti dawa hizo nchini Kenya, PCPB. Mbolea nayo ina viwango vyake. Wanaouza kwa chupa madukani wakiwa na dai hilo wanajiweka hatarini bure, na wanawaharibia jina wenzao waangalifu.

Ufungashaji usituchukue muda. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, basi mteja wa nyama aje na chombo chake chenye kifuniko. Kwa mkojo, toza amana ya mtungi wa lita 20, uirudishe mtungi ukirudi. Chombo kilichowahi kuwa na kemikali ya shambani kisitumike kamwe, hata kikioshwa mara ngapi.

Anayetaka neno "ogani" kwa haki ana njia. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai kipo tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Mfugaji mmoja mwenye majike kumi hawezi kubeba gharama ya mkaguzi wa nje, ila kikundi kinaweza kupitia mfumo shirikishi, ambapo wanachama wanakaguana wenyewe kwa wenyewe. Kenya mtandao wa kilimo hai, KOAN, unausimamia mfumo huo. Hapo ndipo ningependa vikundi viweke nguvu, kabla ya kuchapisha lebo za rangi. Vianze na madaftari matatu kwa kila mfugaji: chakula kilichonunuliwa, dawa iliyotolewa, mkojo uliouzwa na kwa nani. Mpishi wa hoteli akiuliza sungura huyu alikula nini, afunguliwe ukurasa.