Poilievre Alishindwa na Nani?

Mwaka 2011 Stephen Harper alipata asilimia 39.6 ya kura akatawala Kanada miaka minne kwa wingi wa viti, bila kumbembeleza mtu. Aprili 28, 2025, Pierre Poilievre wa chama hicho hicho cha Conservative alipata asilimia 41.3 akabaki upinzani. Hata jimbo lake la Carleton, pembezoni mwa jiji la Ottawa, alilikosa. Alikuwa bungeni tangu 2004, alipoingia akiwa kijana wa miaka 25, na aliyemwangusha ni Bruce Fanjoy wa Liberal, chama tawala, mtu ambaye Wakanada wengi walikuwa hawajawahi kumsikia.

Tangu usiku ule Wahafidhina wa Kanada wanabishana, na mashabiki wa Liberal wanachochea kuni. Je, huyu bwana ameshindwa, au amefanya vizuri kuliko wote waliomtangulia katika miaka ya karibuni? Kila upande una takwimu zake mfukoni, na cha ajabu ni kwamba zote ni za kweli.

Wanaotaka aondoke wanaanzia Januari 2025. Wakati huo tafiti za maoni zilimpa uongozi wa zaidi ya pointi 20. Waziri mkuu Justin Trudeau wa Liberal alikuwa amechokwa, naibu wake Chrystia Freeland alikuwa amejiuzulu Desemba 16, na Januari 6 Trudeau mwenyewe akatangaza kwamba anang'atuka. Watu walishaanza kumwita Poilievre waziri mkuu mtarajiwa. Kisha Donald Trump akaanza kuiita Kanada jimbo la 51 la Marekani na kuitwisha ushuru, na Mark Carney, aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu ya Kanada na baadaye ya Uingereza, akashinda uongozi wa Liberal kwa karibu asilimia 86. Machi 14 aliapishwa kuwa waziri mkuu, na siku hiyo hiyo akatia saini kuifuta kodi ya kaboni, ile inayotozwa kwenye mafuta yanayochafua hewa, kwa wananchi wa kawaida. Kodi hiyo ndiyo ilikuwa wimbo mkuu wa Poilievre. Mpinzani akiuondoa wimbo wako jukwaani unatafuta mwingine, lakini Poilievre aliendelea na ule ule kwa wiki kadhaa. Wakosoaji wake, wakiwemo watu wa kambi ya Doug Ford, kiongozi wa mkoa wa Ontario na mhafidhina mwenzake, walisema hadharani wakati kampeni ikiendelea kwamba jahazi linakwenda mrama.

Wanaongeza kwamba lugha yake ya vijembe na majina ya kubandika ilimfanya afanane na Trump wakati ambapo Mkanada hakutaka kumwona mtu wa kufanana na Trump. Kuhusu Carleton sioni muujiza. Jimbo limejaa wafanyakazi wa serikali, yeye aliahidi kuwapunguza, na mwaka 2022 aliwaunga mkono madereva wa malori walioziba mitaa ya Ottawa kwa wiki tatu. Jirani uliyemkosesha usingizi hasahau.

Upande wa pili nao haujakosa hoja. Conservative ilitoka viti 119 mwaka 2021 ikafika 144. Ilipata kura zaidi ya milioni nane, na asilimia yake ni kubwa kuliko yoyote ambayo Wahafidhina wamepata tangu 1988. Mara ya mwisho vyama viwili vikubwa kuvuka asilimia 40 kila kimoja katika uchaguzi mmoja ilikuwa mwaka 1930. Poilievre aliingia mahali ambapo chama chake kilikuwa mgeni. Windsor West, jimbo katika mji wa viwanda vya magari ulio ng'ambo ya mto kutoka Detroit, lilikuwa ngome ya NDP, chama cha wafanyakazi na mrengo wa kushoto. Leo lina mbunge wa Conservative. Alifanya vizuri pia katika vitongoji vya Toronto vilivyojaa wahamiaji, ambavyo Liberal ilikuwa imevizoea kama shamba la urithi.

Hapo kwenye wahamiaji nasimama kidogo, maana dhana kwamba mhamiaji ni mali ya Liberal imeshazeeka. Rahim Jaffer na Arif Virani wote walizaliwa Kampala mwaka 1971, na familia zao zilifika Kanada baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Serikali iliyowapokea ilikuwa ya Liberal, ya baba yake Justin Trudeau. Virani akawa mbunge wa Liberal na kupanda hadi Waziri wa Sheria. Jaffer akaingia bungeni mwaka 1997 kwa tiketi ya Reform, chama cha mrengo wa kulia cha magharibi ya nchi, na baadaye akawa Conservative. Mlango uliofunguliwa ulikuwa mmoja, shukrani zikaenda pande mbili. (Jaffer, kwa taarifa yako, aliangushwa Edmonton mwaka 2008, na aliyemwangusha hakuwa mtu wa Liberal bali wa NDP. Tutarudi kwa NDP sasa hivi.)

Kasoro ya ubishi wote huu ni kwamba unawatazama watu wawili tu. Poilievre hivi, Carney vile, kana kwamba ilikuwa ndondi. Mimi naona jibu la swali la nani alimshinda Poilievre liko kwenye chama cha tatu.

Mwaka 2021 Conservative ilipata asilimia 33.7, Liberal 32.6 na NDP 17.8. Mwaka 2025 NDP ilianguka hadi 6.3. Viti vyake 25 vikabaki saba, chini ya vile 12 vinavyohitajika ili chama kitambuliwe rasmi bungeni. Kiongozi wake Jagmeet Singh alipoteza jimbo lake akajiuzulu usiku ule ule. Pointi kama 11 na nusu zilitoka NDP, na Liberal ikapanda pointi 11. Si kwamba kila kura ilihama moja kwa moja kutoka huku kwenda kule, maana Windsor inatuonyesha kuwa nyingine zilikwenda kulia. Lakini sehemu kubwa ya mteremko huo ilimwagikia kwa Carney.

Kanada, kama nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza, humpa ubunge anayeongoza jimboni, awe amepata nusu ya kura au theluthi. Katika utaratibu huo Wahafidhina hushinda kirahisi kura za kushoto zinapogawanyika. Muujiza wa Harper wa 2011 ulikuwa huo. NDP ilipata asilimia 30.6 na viti 103, Liberal ikaanguka hadi 18.9 na viti 34, naye akapita katikati yao. Poilievre alikuwa na kura nyingi kuliko Harper, ila alikosa adui aliyegawanyika. Liberal nayo imewahi kunufaika kwa njia yake. Mwaka 2019 na 2021 ilipata kura chache kuliko Conservative nchi nzima na bado ikaunda serikali, kwa sababu kura za Wahafidhina zimerundikana Alberta na Saskatchewan, wanakoshinda kwa maelfu yasiyohitajika. Trudeau alipoomba kura 2015 aliahidi kwamba huo ungekuwa uchaguzi wa mwisho wa mtindo huu. Akapata viti 184 kati ya 338 kwa asilimia 39.5 ya kura, na mapema 2017 ahadi akaizika. Sioni chama kikubwa kitakachoifukua.

NDP ilikufa vipi? Mwaka 2022 Singh aliingia makubaliano ya kuibeba serikali ya Trudeau, na kwa malipo akapata huduma ya meno kwa wasio na bima na hatua za kwanza za dawa za bure. Ni mambo makubwa, nami naona hakuthaminiwa ipasavyo. Lakini sifa zilikwenda kwa serikali na lawama zikagawanywa kwa wawili. Septemba 2024 aliyachana makubaliano, halafu akaendelea kupiga kura za kuinusuru serikali ile ile. Mfanyakazi wa Windsor akamwona ni mkia wa Trudeau. Mwalimu wa Vancouver, aliyemwogopa Trump na Poilievre kwa pamoja, akaona heri aende kwa Carney moja kwa moja. Chama kikapasuka kotekote.

Basi, je, hii inamsafisha Poilievre? Nusu tu. Ni kweli hakuna kiongozi wa Conservative ambaye angemzuia Trump kufungua kinywa. Lakini hofu ile ilihitaji sura ya kuikalia, na kwa wapiga kura wa NDP sura hiyo ilikuwa yake. Wanaomtetea wanahesabu watu aliowavuta na kusahau aliowasukuma wakajipange upande wa pili. Mtu anayeijaza nyumba yake na papo hapo kuwaunganisha maadui zake hawezi kupimwa kwa idadi ya wageni walio sebuleni.

Chama chake kimempima kwa idadi hiyo hiyo. Mtangulizi wake Erin O'Toole, aliyeshindwa 2021, aling'olewa na wabunge wake Februari 2022 kwa kura 73 dhidi ya 45, kwa kutumia sheria iliyopitishwa 2015 inayoliruhusu kundi la wabunge kumwondoa kiongozi. Wabunge wa Liberal walikataa kujipa uwezo huo, ndiyo maana walikaa miezi mingi wakinung'unika kuhusu Trudeau bila silaha mkononi. Poilievre yeye alirudi bungeni Agosti 2025 kupitia Battle River–Crowfoot, jimbo la vijijini Alberta ambalo mbunge wake alimpisha, akashinda kwa karibu asilimia 80. Januari 2026 wajumbe wa chama huko Calgary wakampa imani kwa asilimia 87. Wanaopiga kura Calgary, hata hivyo, ndio waliokwisha kumpenda.

Wabunge wake wamekuwa wagumu zaidi. Novemba 4, 2025, siku ya bajeti, Chris d'Entremont wa Nova Scotia alivuka kwenda Liberal. Desemba akafuata Michael Ma wa Markham–Unionville. Bajeti ilikuwa imepita Novemba kwa kura 170 dhidi ya 168, na mwaka ulipoisha Liberal ilikuwa na viti 171, kimoja pungufu ya wingi. Mtanzania aliyewaona wabunge wa upinzani wakihama ili “kuunga mkono juhudi” anaujua mchezo huu, ila kwetu anayehama chama hupoteza kiti na jimbo hurudi kwenye uchaguzi. Kule anahama na kiti chake, kama mpangaji anayeondoka na mlango. Wapo wanaosema ni sawa kwa kuwa karatasi ya kura ina jina la mbunge. Sawa, lakini kampeni nzima iliuzwa kwa sura za viongozi wawili, na mpiga kura wa Markham aliyemchagua Poilievre kwa kupitia Ma ana haki ya kuuliza kura yake inalala kwa nani.

Carney naye ana deni, ingawa mashabiki wake hulipitia haraka. Alichaguliwa ili amkabili Trump, kwa kaulimbiu ya mchezo wa hoki ya kuinua viwiko. Mwisho wa Juni 2025 alifuta kodi ya huduma za kidijitali ambayo Washington haikuitaka, na Septemba 1 akaondoa sehemu kubwa ya ushuru wa kulipiza kisasi. Watetezi wake husema huo ni uungwana wa mtu wa benki anayejua hesabu, kwamba nchi inayouza sehemu kubwa mno ya bidhaa zake kwa jirani mmoja haiwezi kupigana kwa makelele. Hoja hiyo ina uzito. Lakini angefanya hayo Poilievre, watu hao hao wangemwita kibaraka.

Novemba 27 akasaini makubaliano na Danielle Smith, kiongozi wa Alberta, yanayofungua njia ya bomba jipya la mafuta kuelekea Pasifiki, na Steven Guilbeault, mwanaharakati wa mazingira wa miaka mingi, akajiuzulu uwaziri siku hiyo hiyo. Wahafidhina wanalalamika kwamba ameiba sera zao. Sielewi kwa nini wanalia. Kila hatua ambayo Carney anaipiga kulia inamwachia nafasi mtu wa kushoto, na nafasi hiyo ndiyo NDP inayoihitaji ili ifufuke.

Itafufuka? Dalili zinapingana. Mei 2025 NDP ya Alberta, inayoongozwa na Naheed Nenshi, mtoto wa wahamiaji kutoka Tanzania na meya wa zamani wa Calgary, iliamua kwamba mwanachama wake halazimiki tena kuwa mwanachama wa NDP ya taifa. Watu wa mkoa wanajitenga na jina lile ili wasizame nalo. Upande mwingine, waliokwenda kwa Carney kwa kumwogopa Trump hawakumwahidi kukaa.

Ukitaka kujua Poilievre angeshindaje, litazame jimbo la Nanaimo–Ladysmith kwenye Kisiwa cha Vancouver. Mwaka 2025 mgombea wa Conservative alilitwaa kwa kura zilizozidi theluthi kidogo tu. Zilizobaki waligawana NDP, Liberal na chama cha Kijani, kila mmoja akishikilia chake, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake.