Je, ndoa hufundishika? Kutoka kwa Satir hadi Baltimore

Marekani ya miaka ya 1950, daktari wa akili alizungumza na mgonjwa peke yake. Ndugu walisubiri nje, tena wakishukiwa. Mwaka 1948 daktari wa akili Frieda Fromm-Reichmann alikuwa ameandika juu ya mama anayemtia mwanawe skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, na akina mama wakabebeshwa lawama ambayo utafiti wa baadaye haukuithibitisha.

Virginia Satir, mtaalamu wa tiba ya familia, aliwaita wote ndani. Huko Palo Alto, California, aliwaonyesha wanafamilia namna wanavyojibizana wakibanwa: huyu analaumu, yule anakubali kila kitu ili yaishe, mwingine anajificha nyuma ya hoja kavu, mwingine anachepusha maneno. Kwake hayo yalikuwa mazoea, na mazoea hubadilika. Ukishakubali hilo, huna sababu ya kungoja hadi watu wagombane ndipo uwafunze. Wanasaikolojia Bernard Guerney, kisha Howard Markman na Scott Stanley wa Denver, wakaihamishia kazi hiyo darasani, wapenzi wafundishwe kuzungumza kabla ya ugomvi.

Naipenda hoja yao. Darasa ni nafuu kuliko tiba, na halimlazimishi mtu ajiite mgonjwa.

Lakini Salvador Minuchin, mtaalamu mwingine wa tiba ya familia, aliyefanya kazi na familia maskini za New York miaka ya 1960, aliona nyumba ambazo tatizo lake halikuishia kwenye maneno: kulikuwa na umaskini, na mipaka kati ya mzazi na mtoto ilikuwa imevurugika. Watetezi wa wanawake nao walihoji fani nzima ya tiba ya familia: mke anapigwa, unamwambiaje kwamba naye anachangia mzunguko wa ugomvi? Swali hilo sijaona likijibiwa vizuri.

Serikali ya George W. Bush iliegemea darasa. Sheria iliyosainiwa mwaka 2006 ilitenga dola milioni 150 kwa mwaka kwa ajili ya ndoa na malezi ya baba. Mpango mmojawapo uliwafuatilia wapenzi zaidi ya jozi 5,000 ambao hawajaoana, katika maeneo manane. Baada ya miaka mitatu, kwa jumla, waliofundishwa hawakuwa wamedumu pamoja zaidi kuliko wasiofundishwa. Baltimore, mojawapo ya maeneo hayo, matokeo ya awali yalikuwa mabaya zaidi kwa waliofundishwa.

Wapinzani wa madarasa hayo wakashangilia, mapema mno kwa maoni yangu. Oklahoma City, eneo jingine la mpango huo, ambako mahudhurio yalikuwa mazuri zaidi, watoto wa waliofundishwa walielekea zaidi kuishi na wazazi wote wawili.