LDL (lehemu mbaya) kushuka si kinga dhidi ya MND
Kuna makala inayosema mwenye lehemu nyingi ndiye yuko hatarini kupata MND, ule ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Si rahisi hivyo. Utafiti uliotumia data za UK Biobank, hazina kubwa ya taarifa za afya ya watu Uingereza, uliochapishwa 2022, ulikuta HDL (lehemu nzuri) na apolipoproteini A1 (protini kuu ya HDL) zikiwa juu hatari inapungua. Inapanda pale uwiano wa lehemu yote kwa HDL unapokuwa mkubwa. Tena LDL ilikuwa ikishuka kadiri siku ya kugundulika ilivyokaribia, yaani LDL ya chini yaweza kuwa ishara kwamba ugonjwa umeshaanza. Na hatari yenyewe ni ndogo mno: kati ya watu zaidi ya 500,000, waliougua hawakufika 400. Ukipewa majibu ya damu pale Moshi, gawanya lehemu yote kwa HDL: 5.2 kwa 1.3 ni 4. Trigliseridi (mafuta mengine ya damu, ambayo hupanda ukila) zikizidi 4.5 mmol/L, LDL ya kukokotolewa badala ya kupimwa moja kwa moja haiaminiki, hivyo mtori usubiri. Kabla ya kupima, kaa muda wa saa 9 hadi 12 bila kula. Ila aliyekwisha kuugua MND msimnyime mafuta, kukonda kunamuumiza zaidi. Kuna maabara Arusha inayopima apolipoproteini A1 bila kutuma sampuli Dar?