Boksi Linalonguruma

Jumamosi usiku nilikuwa kwangu Section 58, Nakuru, miguu ndani ya beseni la maji moto, nikaamua kumalizia kazi ya seva iliyoko Kisumu. Ni mashine inayoendeshwa na mfumo wa FreeBSD, yenye kadi mbili za mtandao: em0 ya kutoka nje kwenye intaneti, na re0 niliyoipachika juzi kwa ajili ya kamera za usalama. Kazi ya dakika tano. Dakika tano ndizo hunimaliza kila mara.

Nikaingia kwa intaneti, nikafungua rc.conf, faili ya mipangilio ya mashine, nikaipa re0 anwani yake, 192.168.20.2. Ningeachia hapo. Lakini nikaona kila kadi inastahili geti lake, nikaongeza mstari wa pili wa defaultrouter, unaotaja geti la kutokea nje, chini ya ule wa kwanza. Faili hiyo husomwa kutoka juu kwenda chini. Jina likiandikwa mara mbili, la mwisho ndilo linaloshika. Yaani niliiambia seva: safari zote za nje, pitia kwa kamera.

Nikaandika service netif restart, amri ya kuwasha upya kadi za mtandao, nikabonyeza Enter. Kishale kikaganda. Nikabonyeza tena mara saba, kama anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Nikampigia mlinzi.

“Jaduong', ingia ile stoo ya jikoni. Kuna boksi linalonguruma. Chomoa waya wa stima, hesabu hadi kumi, urudishe.”

“Nimeliona, fundi. Nimechomoa.” Akaanza kuhesabu kwa Kijaluo, polepole kama anagawa pesa zake mwenyewe. Alipofika sita nikaingiwa na wasiwasi.

“Jaduong', hilo boksi lina taa za kijani?”

“Lina samaki.”

“Siyo hilo! Achana nalo kabisa!”

Boksi lenyewe akalipata, akalizima, akaliwasha. Wapi! Lilipoamka lilisoma faili ileile yangu, likaelekea kwa kamera tena.

Jumapili asubuhi nikapanda matatu. Kericho mvua, Ahero jua la kupasua kichwa, Kisumu nikashuka shati limenigandia mgongoni. Nikachomeka skrini na kibodi, nikafuta mstari mmoja, nikaiwasha upya. Ikapumua. Nauli ya kwenda na kurudi kwa mstari mmoja!

Mzee akataka kujua ugonjwa ulikuwa nini. Nikamweleza habari ya mageti mawili.

“Hata hapa yapo mawili,” akasema. “La nyuma limezibwa kwa matofali. Mimi mgeni simwelekezi huko.”

Nikanyamaza. Hapo ndipo pua yangu ilipokumbuka kazi yake. Samaki wa bosi, ngege watatu, walikuwa wamelala na joto la Kisumu usiku kucha, na waya wa friji ulikuwa bado sakafuni.

“Jaduong', mbona hukurudisha stima?”

“Fundi,” akasema kwa upole, “uliniambia niachane nalo kabisa.”