Ngoma Ilipoifuata Keki

Ukitaka kumjua shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtajie mpiga dramu John Bonham. Papo hapo ataweka soda chini, atakunja mikono ya shati na kuanza kuhutubia: mpiga dramu wa roki ni nguvu, basi. Atakusimulia jinsi bendi yake, Led Zeppelin, walivyokwenda kurekodi kwenye jumba la kizamani la Headley Grange, Uingereza, wakapanga ngoma za Bonham chini ukumbini na kuning'iniza maikrofoni juu kwenye ngazi, ule mshindo ukasikika nyumba nzima. Atakwambia kuna usiku Bonham alipiga peke yake zaidi ya dakika 20, vijiti akavitupa akaendelea kwa mikono mitupu. Ukimkatiza, anarudia tangu mwanzo.

Mimi ni mtu wa Charlie Watts. Yule marehemu mpiga dramu wa Rolling Stones, mpenzi wa jazi, mtu wa suti nzuri, aliyekuwa akipiga huku uso wake kama wa abiria anayesubiri daladala. Mtazame kwenye video, mkono wa kulia: kila wa kushoto unapoigonga sneya, ile ngoma ndogo ya mbele ya mpigaji, wa kulia unanyanyuka kwenye haihati, yale matoazi mawili ya kufumbwa kwa mguu, na kuiacha kidogo. Havigongwi pamoja. Kile kipengo ndicho kinachomtoa mtu kitini bila yeye kujua kimemtoa nini. Shemeji husema kile si kipengo, ni uvivu.

Basi mada ya nani bingwa wa dramu ikazuka kwenye meza ya ndugu, harusi ya mdogo wa mke wangu, katika ukumbi mmoja Dar es Salaam, bendi ya dansi ikiwa mapumzikoni. Nikachukua kijiko na uma nimwonyeshe Watts kwenye sahani ya sambusa. Shemeji akanipokonya aonyeshe Bonham. Kachumbari ikaruka, ikatua kwenye ushungi wa shangazi, naye akatuambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Baba mkwe akaingilia. Yeye kazaliwa na kukulia Unguja, na kwake jambo hili ni la undugu.

"Freddie Mercury kazaliwa wapi?"

"Unguja, baba. 1946."

"Mpiga ngoma wake nani?"

"Roger Taylor, wa bendi yao ya Queen."

"Basi bingwa ni huyo. Tuleni biriani."

Nikajaribu: baba, lakini Freddie alikuwa mwimbaji. Akanitazama. "Mkwe, mwimbaji anaimbia hewani? Na huyo Taylor anapiga huku anaimba zile sauti nyembamba za juu kabisa. Bonham wenu kaimba nini?" Ukweni mtu habishi mara mbili. Nikala biriani.

Mpwa wetu, binti wa kidato cha tatu, akauliza bila kuinua macho kwenye simu: "Na Rick Allen je?" Yule wa Def Leppard, aliyepoteza mkono wa kushoto kwa ajali ya gari siku ya mwisho ya 1984, akatengenezewa pedali ili mguu ufanye kazi ya mkono, akarudi kwenye bendi yake. Meza nzima kimya. Ilikuwa hoja isiyo na jibu, kwa hiyo watu wazima tukaipita kana kwamba hatujaisikia.

Ili kuchangamsha tena meza, nikaleta kisa cha Keith Moon. Mwaka 1973, bendi yake, The Who, wanapiga ukumbi wa Cow Palace, jirani na San Francisco, Moon kazidiwa na vidonge, kaanguka juu ya ngoma zake. Mpiga gitaa wao, Pete Townshend, akauliza watazamaji: kuna anayejua kupiga dramu? Akapandishwa kijana wa miaka 19, akamalizia onyesho. Nilikisimulia kwa mikono na kwa sauti, na nyuma yangu, kumbe, mshereheshaji alikuwa amesimama na maikrofoni yake anasikiliza kila neno.

"Mabibi na mabwana! Mpiga dramu wetu yuko nyuma anapata chakula, lakini naambiwa meza ya ndugu ina bingwa!"

Shemeji alishafika kwenye dramu kabla sentensi haijaisha.

Hapa lazima nieleze habari ya tofali. Ngoma ya mguu, ile kubwa inayolala ubavu, kila unapokanyaga pedali unaisukuma mbele. Ina miguu miwili yenye ncha ya kung'ang'ania zulia, ndiyo maana wapiga dramu hutembea na kipande chao cha zulia. Mpigaji wa bendi ile alikuja nacho. Lakini zulia jekundu la maharusi lilikuwa limepungua karibu na mlango, na kamati ikaazima cha kwake kuziba pengo. Mzee wa watu hakugomba. Akatoka nje, akaokota tofali, akaliegemeza mbele ya ngoma, mambo yakaenda.

Mwenyekiti wa mapambo wa kamati ile alikuwa nani? Shemeji. Alipoliona tofali akasema linaharibu picha. Wakati wa mapumziko akaliondoa, akalivika kitambaa cha satini, akaliweka kuzuia mlango usijifunge. Halafu akasahau.

Ukumbi ule hauna jukwaa, bendi ilipangwa sakafuni, kwenye vigae vilivyopigwa deki mpaka vinang'aa. Na mbele ya bendi, hatua chache tu, ilikuwa meza ya keki, tabaka tatu juu ya nguzo.

Shemeji akaanza. Kishindo cha kwanza, ngoma ikasogea shubiri nzima. Akavuta kiti, akaifuata. Cha pili na cha tatu, ikasogea tena. Mtu mwingine angepunguza mguu, yeye akaongeza. Sneya ikabaki nyuma, matoazi yakabaki nyuma, yeye na ngoma ya mguu wakaendelea na safari, huku akijinyoosha nyuma bila kuangalia apate japo toazi moja. Wageni wakashangilia, wakidhani ndiyo staili. Mpiga solo naye akamwekea rumba. Mpiga picha akapiga goti.

"Mkwe! Zuia!"

Ilikuwa sauti ya baba mkwe. Nikakimbia, nikaketi sakafuni na suti yangu, mgongo kwenye ngoma, nyayo nimezikita kwenye mguu wa meza ya keki. Hapo ndipo nilipomwelewa Bonham kuliko siku zote, kwa sababu nilimsikia kwa figo. Shida ni kwamba nguvu haikuishia kwangu. Ngoma ikanisukuma mimi, mimi nikaisukuma meza, na keki ikaanza kuitikia kila kishindo, tabaka la juu likicheza kivyake.

Nikamwita: "Shemeji, acha!" Akasikia "shemeji, kaza."

Tabaka la juu likashuka. Nililidaka, nakula kiapo, nililidaka kwa mikono miwili kifuani. Ila katika kulidaka kiwiko changu cha kulia kilirudi nyuma, kikapasua ngozi ya mbele na kuzama ndani ya ngoma. Ndivyo picha ilivyopigwa: mimi nimepakata keki, kiwiko ndani ya dramu, shemeji nyuma yangu kafumba macho bado anapiga. Bi harusi alicheka mpaka wanja ukamtoka.

Mpiga dramu mwenyewe akatokea jikoni na sahani ya pilau. Akasimama. Akala tonge moja, akatazama, akala lingine. Akaiweka sahani juu ya spika, akaenda mlangoni, akarudi na tofali na satini yake, akairudisha ngoma mahali pake na kuibana. Nikamwomba radhi ya ngozi. "Ya nyuma nzima," akasema, "na ndiyo ninayoipiga."

Akapiga taratibu, karibu na kunong'ona, wimbo wa zamani wa dansi. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha hakuna aliyebaki kitini, hata shangazi wa kachumbari. Nikamgusa shemeji nikamwonyesha mkono wa kulia wa yule mzee, ulivyokuwa ukinyanyuka kwenye haihati kila sneya inapolia.

"Naona," akasema shemeji. "Anapiga kwa woga."

Kwenye kikao cha kuvunja kamati mweka hazina alisoma matumizi, akafika kwenye "ngozi ya dramu, moja" na "keki ya juu, fidia", akauliza hizi ziingie fungu gani. Mimi nikasema mapambo, kwa kuwa chanzo ni tofali. Shemeji akasema dharura, na akakumbusha kwamba Washington, 1964, jukwaa la dramu za Ringo wa Beatles lililazimika kuzungushwa kwa mikono na halikulaumiwa pambo lolote. Baba mkwe akaamuru iandikwe burudani, maana katika harusi nzima ndicho kitu pekee ambacho watu bado wanampigia simu kukiulizia.