Lushoto: baridi si tatizo, barabara ndiyo

Kuna makala inayouliza kama waliohama Dar kwenda kuishi Lushoto, kwenye milima ya Usambara, wanajuta. Mimi nilihamia huku na familia na sijuti hata kidogo. Ila mwandishi wa makala hiyo ameng'ang'ania mno baridi. Baridi ya Juni na Julai unaizoea: sweta, blanketi zito, chai ya tangawizi. Kinachowarudisha watu mjini ni barabara. Kupanda kutoka Mombo, mji ulio chini ya mlima, ni zaidi ya kilomita 30 za kona kandokando ya korongo, na masika yakikolea udongo huporomoka na mawe, njia inafungwa. Siku hiyo uwe na mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Bombo, Tanga, ndipo utajua umehamia wapi.

Halafu kuna wanaonunua kiwanja kwenye mteremko mkali bila kuwauliza wazee wa Kisambaa maji hupita wapi. Hao nawaonea huruma kweli. Matuta mnayoyaona mashambani hayakuwekwa kupendezesha mlima!

Mnaotaka kuja, msije Desemba plamu zinapoiva, kila mtu huipenda Lushoto wakati huo. Njooni Aprili, pangeni chumba mwezi mzima, ndipo muamue kuhusu nyumba ya Dar.