Mkienda Hampi, anzeni na maji

Hampi ni magofu ya Vijayanagara, mji mkuu wa dola iliyoasisiwa mwaka 1336 kando ya mto Tungabhadra, kusini mwa India. Mgeni akifika hukimbizwa kwanza kwenye gari la mawe, yaani kihekalu kilichochongwa kwa umbo la gari la kukokotwa, katika hekalu la Vittala, lile lililochapwa kwenye noti ya rupia 50. Nami nilikimbizwa huko. Ni kazi ya mikono ya kustaajabisha, sibishi. Ila naona tunaanzia pasipofaa.

Tazama kwanza mahali penyewe: majabali yamerundikana hadi upeo wa macho, mvua haba, jua la kupasua kichwa. Aliyejenga mji mkubwa hapo alikuwa na jibu la maji, na jibu hilo bado lipo, sisi tunalipita tukitafuta pa kupigia picha.

Karibu na jukwaa la Mahanavami, la sherehe za kifalme, kuna birika la ngazi, yaani bwawa la mawe la kuwekea maji. Lilikuwa limefukiwa na udongo mpaka wachimbuaji walipolifukua miaka ya 1980. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima. Ngazi zinashuka pande zote nne, jiwe jeusi limenyooka utadhani limekatwa kwa wembe, na ukiinama utaona alama ndogo ambazo mafundi walizichonga ili kila jiwe liende mahali pake. Hekaluni nilimwona mfalme. Hapa nilimwona fundi, kaloa jasho, akimwelekeza mwenzake jiwe gani lifuate. Pembeni yake bado umesimama mfereji wa mawe uliopandishwa juu ya nguzo, uliokuwa ukileta maji.

Waongozaji wengi hupenda kusimulia mwaka 1565, masultani wa Deccan, uwanda wa juu wa kusini mwa India, walipoungana wakaishinda dola hiyo vitani Talikota, kisha mji ukaporwa na kuchomwa. Ni kweli, na inauma. Lakini ukiishia hapo utaondoka ukiamini kila kitu kilikufa. Katika hekalu la Virupaksha watu wanasali hadi leo. Na mifereji iliyochimbwa enzi za wafalme wale ingali inanywesha migomba na mpunga.

Jioni, nikirudi kwa miguu, nilimkuta mzee mmoja shambani. Alisukuma tope kwa jembe, akafungua njia, na maji yakaingia kwenye mstari wa kwanza wa migomba, kisha wa pili.